Tulivyompata Mtu wa Josho

Kijijini, Mtinko,
Kwa mkono wa Bwana Ladha mwenye duka,
Sanduku la Posta 37,
Singida.
Tarehe 14 Machi, 1976.

Mpendwa mwanangu Ezekieli,

Shikamoo yako ilifika, nami niliitikia marahaba kwa sauti, mpaka mama yako mkubwa Maria akatoka jikoni kuuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na Tanga. Sisi huku hatujambo. Magoti yangu yanauma asubuhi, lakini jua likipanda yanakumbuka kazi yao. Maria mzima, ila anasema macho yake yanaona moshi hata mahali pasipo moto. Wewe je, u hali gani? Kile kifua kilichokusumbua kwa unyevu wa huko kimepoa? Unakula ugali wa kushiba, au bado unazungushwa na wali wa hotelini?

Kabla sijaenda mbali, tazama mwandiko huu. Si wa katibu na si wa mwalimu. Ni wangu. Barua zile za zamani nilikuwa nasema mimi na mtu mwingine anaandika, naye alikuwa anapunguza maneno yangu akidai karatasi imekwisha. Sasa penseli naishika mwenyewe, na karatasi itakwisha nikitaka mimi. Katika kisomo cha watu wazima mimi ndiye wa kwanza kwa upande wa wanaume. Upande wa wanawake siusemi sasa, utaona sababu yake huko mbele.

Mvua si mbaya. Mtama umesimama, uwele umeanza kutoa masuke na ndege wameshapata habari. Tembe yetu ilivuja upande wa mashariki, nikapanda juu ya paa mwenyewe kuweka udongo. Maria alipiga kelele nishuke. Sikushuka.

Haya, sasa neno lenyewe.

Katika barua yako ya mwezi wa kwanza uliniandikia kwamba umepandishwa kazi, sasa unakaa ofisi ya kuajiri watu hapo kiwandani. Nilifurahi. Barua niliizungusha nyumba kwa nyumba. Lakini ukaandika pia kwamba mnakaa watu watatu nyuma ya meza, mtu anaingia, mnamuuliza maswali robo saa, na kabla hajainuka kwenye kiti mmeshamjua mpaka mifupa. Jambo hilo ukasema linaitwa usaili. Ukanicheka kidogo kwamba sisi wazee tunampa mtu kazi kwa kutazama ukoo wake na jinsi anavyokula. Nilikaa kimya miezi miwili. Si kwamba sikuwa na jibu, jibu lilikuwa linapikwa. Leo limeiva.

Mwishoni ukaniuliza kuhusu ng'ombe wako wa mahari utakaowapeleka Ihanja kwa akina mchumba wako Felista, hali yao ikoje, tena ni wangapi hasa, maana wakwe zako wanataka neno kabla ya mavuno. Hilo nitakujibu mwishoni, kwa namna yangu.

Unajua josho letu lilimalizika mwezi wa kumi. Shimo refu la saruji, ngazi upande wa kutokea, na uchochoro wa nguzo ambao ng'ombe wanapita mmoja mmoja mpaka wanaruka ndani ya dawa. Wewe umekulia hapa, unajua kupe walivyotufanya. Kila mwaka ndigana, ile homa ya kupe, ilikuwa inachagua ndama wazuri na kutuachia wabaya. Kwa hiyo josho lilipokwisha tulichinja mbuzi, na mimi ndiye niliyesema maneno.

Akaja Bwana Mifugo kutoka mjini. Kijana wa soksi ndefu, ana adabu, alinipa shikamoo kabla ya kushuka vizuri kwenye pikipiki. Akasema josho linataka mtu wake, wa kuchanganya dawa, kuogesha ng'ombe na kuandika kitabu. Kazi ya mshahara. Wakajitokeza watu watatu.

Wa kwanza Gasto, aliyemaliza darasa la saba, anayesema Kiswahili kama redio. Wa pili Mazengo, yule Mgogo wa upande wa Kintinku aliyehamia kwetu tulipokusanyika kijijini, mtu wa mabega, anaweza kumshika dume pembe akamtia adabu. Wa tatu Theresia, mke wa marehemu mwanangu Andrea. Hukuwepo kwenye msiba, lakini unamkumbuka siku ya harusi yao. Amebaki kwetu na binti zake wawili, hakurudi kwao, na mimi sikumwambia arudi. Aliposema anataka kazi ya josho nilidhani anatania. Hakuniambia mimi, alimwambia Maria, Maria akaniambia.

Bwana Mifugo akasema lazima tufanye usaili. Neno lako lile lile. Meza ikabebwa kutoka shuleni na viti vinne. Akakaa yeye, mwenyekiti wa kijiji, katibu, na mimi mjumbe wa mifugo. Nani mwingine angekaa kiti kile? Mimi nimezaliwa zizini, mama yangu alishikwa na uchungu akikamua.

Bwana Mifugo alikuwa na karatasi yenye maswali kumi, na pembeni ya kila swali jibu lake limekwisha andikwa. Yote sitayaandika, mkono unachoka. Mawili yanatosha.

Swali la kwanza lilikuwa, una ng'ombe wangapi. Gasto akajibu upesi, arobaini na watatu. Ezekieli, kwao Gasto kuna kuku na punda mmoja. Lakini alijibu bila kusita, akapata alama. Baadaye nilimuuliza amewatoa wapi ng'ombe hao, akasema, "Mzee, nilidhani wanataka namba."

Mazengo alikohoa, akatazama dari, akasema wapo wapo tu. Akaulizwa mara ya pili, akasema ni wa Mungu. Bwana Mifugo akaandika kwamba anakwepa maswali. Hapo niliingilia. Nilimweleza kwamba mtu mwenye ng'ombe hawataji kwa idadi, kinywa kikishawahesabu wanaanza kupungua, na kwamba hapa mwenye ng'ombe wa kweli ndiye huyo aliyetazama dari. Alinisikiliza vizuri sana, kisha akasema karatasi ndivyo ilivyo.

Theresia alisimama karibu na mlango, khanga ameivuta mpaka kwenye nyusi, anatazama sakafu. Alipoulizwa ng'ombe wangapi hakusema neno. Bwana Mifugo akangoja, akagonga meza kwa kalamu, akaandika sifuri.

Swali lingine lilikuwa hili, siku ya kuogesha ng'ombe, jambo la kwanza unafanya nini. Gasto akasema anapima dawa kwa ule ufito wenye alama. Akapata, maana ndivyo karatasi ilivyosema. Mazengo akasema anakamata fimbo. Theresia akasema kwa sauti ya chini, mpaka akaulizwa tena, kwamba anawanywesha maji.

Meza yote ikacheka. Katibu akamwambia, mama, ng'ombe wanakwenda kuogelea na wewe unataka wanywe kwanza, utawapikia na chai? Na mimi nilicheka. Naandika hivi kwa sababu penseli ni yangu na sitaki iseme uongo. Nilicheka, na kicheko changu unakijua, kinasikika mpaka ng'ambo.

Basi hesabu ikafanywa. Gasto juu kabisa. Mazengo chini yake. Theresia wa mwisho, na pembeni ya jina lake ameandikiwa kwamba hajiamini na kazi haielewi. Mimi nilimpigania Mazengo mpaka kiti kikasogea. Nilisema kazi ya ng'ombe ni ya mtu ambaye ng'ombe wanamwogopa. Nilishindwa, watatu kwa mmoja. Lakini kumbuka hapo, mimi nilikuwa upande wa Mazengo. Watu wakikuandikia kwamba mzee Yeremia alimpachika mkwewe, wajibu kwamba wanasema uongo, na ushahidi upo kwa katibu.

Gasto akaanza kazi, na sitamsingizia. Dawa alipima sawasawa. Maandishi ya kwenye kopo aliyasoma yote, hata yale madogo ya chini. Kitabu chake kilikuwa safi kama shuka la hospitali. Siku tatu za kuogesha zilipita vizuri sana. Katibu akawa anapita kwangu makusudi kunisalimia na kuniuliza Mazengo hajambo.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni kwamba siku zote tatu mvua ilikuwa imenyesha, madimbwi yamejaa njiani, na ng'ombe walikuwa wanafika josho wamekwisha kunywa wenyewe.

Mwishoni mwa mwezi wa kwanza mvua ikatuacha wiki mbili, unajua inavyofanya. Madimbwi yakakauka, yakapasuka kama visigino. Siku ya nne ya kuogesha ng'ombe walitoka malisho ya mbali, wamepita vumbini, jua limesimama. Gasto akapima dawa, akaandika. Wakaanza ng'ombe wa Mathayo jirani yetu. Nyuma yao wetu, na wako wakiwa katikati yao, yule mtamba mwekundu mwenye nyota nyeupe kwenye paji akiwa mbele. Wengine wako siwataji.

Ng'ombe wa Mathayo wakaruka ndani. Niliwaona wanaogelea vinywa wazi. Nikadhani wanahema.

Wa mwisho wa Mathayo alipotoka, nikamwona Theresia anavuta lile gogo la kufungia uchochoro, analiweka katikati, anasimama mbele yake. Gasto akamwambia anazuia kazi ya serikali, na kama anataka usaili angoje mwingine. Watu wakacheka. Mimi nikaenda na fimbo yangu nimekasirika. Nilisema moyoni, huu ni wivu wa mtu aliyeshindwa, na nyumba yangu inaaibishwa mchana kweupe.

Sasa wewe ni mtoto wa nyumba hii, unajua mke wa mwana anavyokaa mbele ya baba mkwe. Tangu aolewe Theresia hajawahi kunitazama usoni. Nikipita anageukia ukuta. Chakula changu anampa Maria, Maria ananiletea. Hata siku tuliyomzika Andrea alilia amenipa mgongo. Siku ile pale josho aliinua uso, akanitazama machoni, mbele ya kijiji kizima.

Akasema, "Baba, ng'ombe mwenye kiu hachagui maji. Wale wa Mathayo wamekunywa josho."

Nikageuka kuwatazama wa kwetu. Mbavu zimeingia ndani. Wanaramba zile nguzo zilizorushiwa matone. Mtamba wako alikuwa amenyosha shingo kabisa kuelekea kwenye harufu ya maji, ulimi nje. Ezekieli, mimi nimechunga ng'ombe kabla barabara ya Mtinko haijalimwa, na nilikuwa sijaona. Mahari yako yote ilikuwa imebakiza hatua nne kuingia kwenye sumu, na mimi nilikuwa nakwenda kumfukuza aliyeizuia.

Nikashika lile gogo upande wa pili, yeye huku na mimi huku. Nikasema wa kwetu wanakwenda kisimani kwanza, na mtu anayetaka kuwapitisha apite juu yangu. Mwenyekiti akataka kusema utaratibu. Nikamwambia utaratibu unaanguka pale, atazame. Maana jike mmoja wa Mathayo alikuwa ameshaanza kupepesuka.

Tukachota maji. Theresia, Maria, wale binti, wanawake wa jirani, na mimi nilivuta kamba ndoo kwa ndoo na magoti yangu haya haya. Waliposhiba ndipo wakarudi josho. Waliingia vinywa vimefungwa, vichwa juu, kama mtu anayevuka mto na shati la Jumapili.

Kwa Mathayo wawili walikufa kabla jua halijazama. Jike la maziwa na dume la kulimia. Wa tatu, yule jike mzee wa pembe moja, aliumwa siku mbili akainuka. Mathayo alikaa chini kati ya ng'ombe wake. Gasto alisimama na kitabu chake kisafi, machozi yanamtoka. Watu walitaka kumpiga, nikawazuia. Dawa alipima sawa. Kila alichoulizwa kwenye meza ile alikijibu sawa.

Hapa niliacha kuandika jana, Bwana Ladha alikuwa ametuma watu kununua asali na Maria hakubali wapime bila mimi. Naendelea.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Bwana Mifugo akaja, uso umemshuka, akampa pole Mathayo kwa mikono miwili. Halafu akatoa karatasi mpya. Alisema usaili utarudiwa, sasa maswali kumi na moja, lile la maji ameliongeza.

Nikasimama. Mwanangu, nimesema mikutanoni tangu wakati wa TANU ya kwanza, lakini siku ile nilijipita mwenyewe. Nilimwambia, "Bwana Mifugo mwanangu, ukiongeza swali la maji leo, kesho patakosekana swali la jambo jingine. Karatasi inauliza alichokijua aliyeiandika. Safari hii tuwaache ng'ombe waulize."

Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana Mifugo akavua kofia, akaitazama ndani kama vile jibu limo humo, akakubali. Mimi nasema ni kwa sababu ya maneno yangu. Maria anasema ni kwa sababu ngozi mbili za ng'ombe wa Mathayo zilikuwa zimewambwa pale pale mbele yake. Iwe vyovyote, alikubali.

Ikawa hivi, kila mmoja katika watatu apewe siku yake nzima ya kuogesha, tangu zizini mpaka mwisho, dawa ikipimwa na Bwana Mifugo mwenyewe. Sisi tutazame tu, bila kusaidia wala kusema.

Gasto safari hii aliwanywesha, hilo alishalijua kwa uchungu. Lakini ng'ombe hawakumjua. Alisimama pembeni anawaita kama anaita majina darasani, wao wanacheua. Jua lilipofika kichwani hata kumi hawajaoga.

Siku ya Mazengo nilitangaza mimi mwenyewe. Niliwaambia watu wa vijiji vya jirani waje waone kazi. Ezekieli, kweli waliona. Mazengo alipiga ukelele mmoja, akapiga fimbo mbili, na ng'ombe wote wakakimbilia uchochoroni kwa pamoja, mmoja juu ya mwenzake. Jike la mwenyekiti lenye mimba lilianguka ubavu, tukalitoa kwa kamba. Ng'ombe walimwogopa kama nilivyosema, ila nilikuwa sijafikiri mwenye hofu anakimbilia wapi. Katibu alinitazama. Nikatazama milima. Siku ile sikuongea sana, hata Maria akaniuliza kama naumwa.

Siku ya Theresia sikumtangazia mtu.

Hakuanzia josho. Alianzia kisimani, kulipopambazuka. Akawanywesha, akawaacha wapumzike kwenye kivuli cha migunga. Halafu akapita kati yao taratibu, mmoja mmoja, mkono mgongoni, anatazama. Akawatoa wawili. Mmoja alikuwa karibu kuzaa. Mwingine ana kidonda shingoni chini ya manyoya, hakuna aliyekuwa amekiona. Bwana Mifugo akafungua kitabu chake kikubwa cha kazi, akasoma, akatikisa kichwa, akakifunga. Kumbe vyote vimo humo, isipokuwa kwenye karatasi yake ya maswali havikuingia.

Kisha Theresia akamtafuta yule jike mzee wa Mathayo, wa pembe moja. Unajua huyo ndiye kiongozi, malishoni wote wanafuata mkia wake. Na sisi tulijua akikataa yeye wote watakataa, naye alikuwa na sababu ya kukataa, maana josho ndilo lililomlaza siku mbili. Theresia akaenda naye hatua kwa hatua akimsemesha kwa sauti ile ya kukamulia. Walipofika ukingoni jike likasimama, likarudi nyuma. Hakulipiga. Akasimama nalo. Likanusa maji, likapuliza. Mathayo ameshika kichwa. Nilihesabu pumzi zangu mpaka nikapotea.

Likaruka. Kinywa kimefungwa, pembe ile moja juu ya maji. Likaogelea, likapanda ngazi, likajikung'uta, na nyuma yake wengine wakaanza kuja wenyewe, mmoja, mwingine, mwingine, kama shanga kwenye uzi. Jua halijafika kichwani kazi imekwisha, na fimbo hakuna aliyeishika.

Ndipo Bwana Mifugo akamuuliza mbele ya watu wote, kwa heshima, kwa nini mambo haya hakuyaeleza siku ile mezani. Theresia akarudisha khanga kwenye nyusi. Akatazama chini. Kimya kile kile.

Na mimi hapo ndipo nilipoelewa, wa kwanza kuliko wote. Nani alikuwa amekaa kwenye meza ile? Mimi. Baba mkwe wake. Angewezaje kuinua uso na kusema maneno mengi mbele yangu? Angetajaje ng'ombe, na ng'ombe ni wangu, na mimi nimekaa hapo? Kile kiti nilichokikalia kwa majivuno ndicho kilichomfunga mdomo. Mtu mwenye adabu kuliko wote watatu ndiye aliyepewa sifuri.

Nikasema kwa sauti, "Alinyamaza kwa heshima yangu. Aliyekosea ni kiti changu." Hakuna mtu mwingine aliyethubutu kulisema, nimelisema mimi.

Sasa Theresia ndiye mtu wa josho. Ana barua yenye muhuri, tumeitundika ukutani karibu na picha ya Andrea. Gasto yuko chini yake. Anasoma kopo, anapima dawa, anaandika kitabu, na jioni anamsaidia Theresia masomo ya kisomo. Mimi sisemi kwamba usaili haujui kitu. Ulisema Gasto anajua kusoma na kupima, na ni kweli anajua. Tulitafuta msomaji tukampata msomaji, ila kazi ilikuwa ya mtu wa ng'ombe. Mazengo tumempa ng'ombe wa jembe la kijiji, na huko shambani ile sauti yake ndiyo inayotakiwa.

Mathayo nimemwekea jike langu moja akamue watoto wapate maziwa, kama baba zetu walivyokuwa wakiwekeana. Nilikuwa wa kwanza. Kisha wengine wakaona haya, wakafuata, hata katibu. Siku hizi katibu akipita kwangu anasalimia bila kuuliza habari za Mazengo.

Tangu hapo ukimpapasa ng'ombe wa kijiji hiki masikioni hupati kupe hata wa dawa. Ndama wote wa mwaka huu wapo. Wa kijiji cha Mgori wametuma watu wawili waje kumtazama Theresia anavyofanya, na mimi ndiye niliyewapokea na kuwaeleza. Theresia alikuwa na kazi.

Basi na wewe kwenye meza yako ya Tanga, mtu akiingia akatazama sakafu, usiandike upesi kwamba hajiamini. Jiulize kwanza nani amekaa upande wako wa meza. Na kabla hamjaandika maswali, waulize wale wanaoishika mashine kila siku ni kitu gani kinaua ng'ombe wa humo kiwandani. Kisha mpe mtu mashine, mkae kando, mnyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Hata mimi kulinishinda, na mimi si mtu wa kushindwa.

Mama yako mkubwa Maria anakusalimu, anasema usikae na soksi zilizolowa. Mathayo anakusalimu. Gasto anakupa shikamoo na anauliza kama kiwandani kwenu wanataka watu. Nimemwambia angoje kwanza amalize kutengeneza alichoharibu. Mfikishie salamu Felista ukimwandikia, na kwao Ihanja waambie tuko wazima. Theresia pia anakusalimu. Kanitumia salamu hizo kwa njia ya Maria, maana amerudi kugeukia ukuta nikipita. Lakini juzi kwenye kisomo mwalimu alipomwita asome ubaoni, alisimama akasoma mstari wote, na mimi nimekaa pale pale mbele. Hakunitazama, lakini sauti hakuishusha. Ndiyo sababu upande wa wanawake sikuusema. Yeye yuko mbele yangu kwa kurasa sita.

Sasa lile swali lako. Nililisoma nimesimama, ikabidi nikae. Umeuliza ni wangapi. Hata wewe, mtoto wa zizi hili. Nimekusamehe, ni ofisi hiyo.

Ng'ombe wako wapo. Mtamba mwekundu si mtamba tena, amezaa jike lenye nyota ile ile kwenye paji, na linanyonya mpaka linaanguka. Wakwe zako wapelekee neno kwamba mahari itakwenda Ihanja kwa miguu yake yenyewe baada ya mavuno. Omba likizo uje mwezi wa sita, siku ya kuogesha. Utasimama na mimi pale kwenye uchochoro, Theresia atawapitisha mbele yako mmoja mmoja, nawe utawahesabu moyoni, kinywa kimefungwa, kama wao.

Mungu aliyewazuia ng'ombe wako hatua nne kabla ya sumu akuzuie na wewe kila unapokwenda kukosea, akupe afya na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi baba yako mkubwa akupendaye, nimeandika kwa mkono wangu,

Yeremia Ntandu.